Mali Isiyo na Mwenyewe: Historia ya Stiftung ya Hannover na Suala la Istilahi

Miongoni mwa maneno ya kigeni yanayowasumbua wafasiri wetu, neno Stiftung la Kijerumani lina mahali pake. Hutokea katika barua za misaada ya masomo, katika kurasa za mwanzo za vitabu vya utafiti, katika vibao vya ofisi na katika habari za magazeti. Na kila litokeapo huvikwa vazi jingine la Kiswahili. Hapa ni taasisi, pale ni mfuko, kwingine ni shirika, na wako hata wanaoandika msingi, kwa kuwa neno la Kiingereza linalolingana nalo lina maana ya msingi wa nyumba pia. Msomaji akikutana na majina hayo manne hudhani anasoma habari za vyombo vinne, kumbe chombo ni kimoja.

Katika makala hii tunakusudia kulichunguza neno hilo kwa kufuata historia ya chombo kimoja kinacholibeba, nacho ni VolkswagenStiftung ya mjini Hannover. Chombo hiki huhesabiwa kuwa mfadhili mkubwa wa sayansi na taaluma nchini Ujerumani miongoni mwa wale wasio wa serikali. Tumeichagua njia ya historia kwa makusudi. Orodha ya istilahi humpa mtu neno, lakini haimwambii kitu chenyewe kilizaliwaje. Na asiyejua kilivyozaliwa atalitwika neno hilo mzigo usiokuwa wake. Katika jambo la mali za umma kosa la namna hiyo si dogo, maana linaficha swali ambalo kila raia ana haki ya kuliuliza: fedha hizi ni za nani?

Tuanze na neno. Kitenzi stiften maana yake ni kuasisi kitu kwa kutoa mali. Stiftung basi ni tendo la kutoa mali hiyo, na pia ni kile kinachozaliwa na tendo hilo. Sheria ya Ujerumani imelieleza jambo hili kwa uwazi zaidi tangu marekebisho yaliyoanza kutumika mwaka 2023: Stiftung ni mtu wa kisheria asiye na wanachama, aliyepewa mali ili atimize daima kusudi lililowekwa na mwasisi. Wasomaji wetu na watazame sana maneno hayo "asiye na wanachama". Chama kina wanachama, kampuni ina wenye hisa, ushirika una washirika. Lakini Stiftung haina mtu yeyote wa namna hiyo. Wanaoiongoza si wenyewe. Mwasisi naye, akishatoa mali, si yake tena, wala warithi wake hawawezi kuidai. Mali hiyo imekuwa mali ya kusudi.

Mtu aliyekulia Pwani hatahitaji maelezo marefu hapa. Mzee aliyetoa minazi yake iwe wakfu wa msikiti, ili kwa bei ya nazi yanunuliwe mafuta ya taa na mikeka, hakumpa imamu minazi hiyo, wala hakuwapa waumini waigawane. Shina halikuuzwa, lililotumika ni zao. Msimamizi aliichunga minazi, akaiangua, akatoa hesabu. Wanawe mzee, hata kama walikuwa na shida, walipita chini ya minazi hiyo kama wapitavyo watu wengine. Zanzibar mpaka leo ina Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, yenye kazi ya kusimamia mali za namna hiyo kwa mujibu wa sheria.

Wajerumani nao walikuwa na desturi inayokaribiana na hii karne nyingi kabla ya kuwapo viwanda. Mwaka 1521 tajiri mmoja wa mji wa Augsburg, Jakob Fugger, alitenga mali kwa ajili ya nyumba za watu wa mji huo waliopungukiwa. Nyumba hizo, ziitwazo Fuggerei, ziliharibiwa vibaya kwa mabomu mwaka 1944, zikajengwa upya, nazo zinakaliwa na wahitaji hata sasa. Mpangaji hulipa kodi ya senti 88 za euro kwa mwaka mzima, hiyo ikiwa ni thamani ya gulden moja ya zamani, na hutakiwa asali sala tatu kila siku kwa ajili ya mwasisi na jamaa zake. Gharama za kuzitunza hulipwa kwa sehemu kubwa kutokana na misitu. Hapa tena shina ni msitu na zao ni mbao, kama vile kule shina lilikuwa mnazi na zao nazi.

Jambo hili la shina na zao lina uzito wake, maana lilikuja kuamua uhai na kifo cha vyombo vingi. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake, vyombo vya aina hii vilivyokuwa vimeweka mali yao katika hati za mikopo ya serikali na akiba za benki viliangamia, kwa sababu mwaka 1923 sarafu ya Ujerumani ilishuka thamani hata mkate mmoja ukauzwa kwa mabilioni ya marki. Vilivyokuwa na misitu, mashamba au viwanda vilinusurika kwa kiasi fulani. Miongoni mwa vilivyonusurika ni ile Stiftung aliyoiasisi mwanafizikia Ernst Abbe katika mji wa Jena mwaka 1889, ambayo mali yake ilikuwa ni viwanda vyenyewe vya darubini na vioo, na ambayo mapato yake yalisaidia chuo kikuu cha mji huo. Abbe hakuipa jina lake mwenyewe. Aliiita kwa jina la mshirika wake aliyekwisha kufariki, Carl Zeiss. Tumelitaja jambo hili kwa sababu suala la jina litaturudia mwishoni.

Sasa twende Hannover, na kwanza hapana budi tupitie Wolfsburg, mji wa kiwanda.

Volkswagen maana yake ni gari la umma. Kampuni ya kuliunda gari hilo ilianzishwa mwaka 1937 na Deutsche Arbeitsfront, jumuiya ya wafanyakazi iliyokuwa chini ya chama cha Hitler, na jiwe la msingi la kiwanda likawekwa mwezi Mei 1938. Fedha zilitoka wapi? Kwa sehemu zilitokana na mali ya vyama huru vya wafanyakazi, ambavyo tarehe 2 Mei 1933 vilivamiwa, viongozi wake wakakamatwa, na majumba na akiba zake zikatwaliwa. Yaani wafanyakazi walinyang'anywa mali yao, kisha wakaambiwa kwamba mali hiyo itawajengea gari lao. Tena wakatakiwa waweke akiba: kila wiki mtu alinunua stempu ya Reichsmark 5 na kuibandika katika kitabu, mpaka ifike bei ya gari, Reichsmark 990. Watu wapatao 336,000 walibandika stempu hizo. Hakuna hata mmoja wao aliyepata gari kwa mpango huo, kwa kuwa vita vilianza mwaka 1939 na kiwanda kikageuzwa kuwa cha kijeshi.

Wakati wa vita watu wapatao 20,000 walilazimishwa kufanya kazi kiwandani humo: mateka wa kivita, raia waliochukuliwa kwa nguvu kutoka nchi za Ulaya zilizotekwa, na wafungwa wa kambi za mateso wapatao 5,000. Yeyote anayeandika habari za fedha zilizokuja baadaye kugharimia sayansi hawezi kuwaruka watu hawa. Jasho lao limo katika shina la mti huu, wala hakuna aliyewauliza.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 kiwanda kilikuwa katika eneo lililokaliwa na jeshi la Uingereza. Jumuiya iliyokianzisha ilikwisha kupigwa marufuku na mali zake kukamatwa. Waingereza walikiendesha kiwanda, magari yakatengenezwa kwa maelfu, lakini swali la mwenye mali halikupata jibu. Mwaka 1949 walikikabidhi kwa serikali mpya ya shirikisho, kikiwa chini ya usimamizi wa jimbo la Niedersachsen, ambamo Wolfsburg imo. Nao wakaondoka bila kusema kwa uwazi kiwanda ni cha nani. Serikali ya shirikisho ikasema ni chake. Jimbo likasema ni chake. Vyama vya wafanyakazi vikakumbusha kwamba fedha za mwanzo zilikuwa zao. Waweka akiba wakaenda mahakamani na vitabu vyao vya stempu, wakadai gari, na shauri lao likaendelea mpaka mwaka 1961, walipokubaliana na kampuni kwamba mwenye kitabu kilichojaa atapunguziwa bei ya gari jipya kwa kiasi kisichozidi DM 600, au apewe DM 100 taslimu.

Kiwanda chenyewe hakikungoja hukumu. Mwezi Agosti 1955 kilitoa gari lake la milioni moja. Hivyo ikawa kwamba mojawapo ya mali kubwa kuliko zote nchini Ujerumani ilikuwa ikizalisha faida mwaka hata mwaka bila ya kuwa na mwenyewe anayejulikana. Kwa lugha ya kwetu tungesema ni mali iliyookotwa, na aliyeiokota amegeuka wawili wanaovutana.

Suluhu ilipatikana mwezi Novemba 1959 kwa mkataba baina ya serikali ya shirikisho na jimbo, na sheria ikapitishwa mwaka 1960. Kiwanda kilifanywa kampuni ya hisa. Asilimia 20 ya hisa ilipewa serikali ya shirikisho, asilimia 20 ikapewa jimbo, na asilimia 60 zikauzwa kwa wananchi. Hisa hizo 3,600,000 ziliuzwa mapema mwaka 1961 kwa bei ya DM 350 kila moja, na wenye kipato kidogo wakapunguziwa. Fedha zilizopatikana, zaidi ya DM bilioni 1, hazikuingia katika hazina ya serikali ya shirikisho wala ya jimbo. Tarehe 19 Mei 1961 pande hizo mbili ziliasisi Stiftung Volkswagenwerk, kwa kusudi la kukuza sayansi na teknolojia katika utafiti na ufundishaji, nayo ikaanza kazi mwaka 1962. Gawio la hisa zilizobaki mikononi mwa serikali hizo mbili nalo likawekwa liende huko huko.

Tunaona hapa jambo ambalo katika historia ya vyombo vya namna hii si la kawaida. Fugger alitoa chake, na Abbe alitoa chake. Hannover hakuna mtu aliyetoa chake. Wadai wawili walioshindwa kuafikiana juu ya mali ipi ni ya nani walikubaliana kwamba isiwe ya yeyote kati yao. Mali iliyokuwa haina mwenyewe kwa sababu ya dhuluma na vita ikafanywa isiwe na mwenyewe kwa mujibu wa sheria. Wako watakaosema kwamba hiyo ilikuwa njia ya kuwanyamazisha wadai wengine, hasa vyama vya wafanyakazi, na sisi hatuwezi kuwakatalia kabisa. Lakini ukilinganisha na yale ambayo yangeweza kutokea, yaani faida hiyo kumezwa kimya kimya na bajeti za kila mwaka, utaona kwamba sayansi ya Ujerumani ilipata bahati kubwa.

Ilikuwa bahati hasa kwa kuwa ilikuja wakati wa haja. Wanasayansi wengi, Wayahudi na wengineo, walikuwa wamefukuzwa nchini baada ya 1933; maabara nyingi zilibomolewa na mabomu; na vyuo vikuu vilivyosimama tena havikuwa na fedha za vyombo vikubwa. Mfano mmoja utatosha. Katika vilima vya Eifel, kusini-magharibi ya Bonn, iko darubini ya redio ya Effelsberg, ambayo sahani yake ina kipenyo cha mita 100. Darubini hii haitazami nyota kwa kioo. Inapokea mawimbi ya redio yanayotoka katika anga za mbali. Ilizinduliwa mwaka 1971, na kwa muda wa karibu miaka 30 ilikuwa kubwa kuliko zote duniani zinazoweza kugeuzwa kuelekea pande zote. Sehemu kubwa ya fedha za kuijenga zilitolewa na Stiftung ya Hannover. Wanaoitumia ni Taasisi ya Max Planck ya Unajimu wa Redio, iliyoko Bonn.

Wafasiri na wautazame mfano huu kwa makini. Anayetoa fedha ni chombo kimoja. Anayefanya utafiti ni chombo kingine. Stiftung ya Hannover haina maabara, haina darubini, haina wataalamu wanaopima mawimbi. Kazi yake ni kupokea maombi, kuyapeleka kwa wajuzi wayapime, kutoa fedha na kudai hesabu. Tangu mwaka 1962 imegharimia zaidi ya miradi 30,000 kwa njia hiyo. Taasisi, kwa upande wake, ni mahali pa kazi: ina watafiti, vyombo na maktaba. Sasa mfasiri aliyezoea kuita kila Stiftung taasisi atajikuta akiandika kwamba taasisi iliipa taasisi fedha ili taasisi ijenge darubini, na msomaji atakitupa kitabu. Hiyo ndiyo sababu yetu ya kwanza ya kulikataa neno taasisi kwa maana hii. Halina ubaya, lina kazi yake nyingine, na mtumwa hatumikii mabwana wawili.

Neno mfuko lina udhaifu wa namna nyingine. Mfuko hutiwa na hutolewa, na ukitolewa sana huisha. Mfuko wa maafa, mfuko wa elimu wa kijiji, mfuko wa mazishi: yote hayo ni fedha zilizokusanywa ili zitumike. Stiftung imekatazwa kufanya hivyo. Mali ya asili haina budi kubaki, tena ibaki na thamani yake dhidi ya kupanda kwa bei, na linalotumika ni pato. Kwa kulikumbuka somo la 1923, mali ya Hannover imetawanywa katika hisa, hati za mikopo na majengo ya namna namna, na leo inazidi euro bilioni 3. Ukiita kitu hicho mfuko umekwisha kumdokezea msomaji kwamba siku moja kitakauka.

Amana lina nguvu zaidi, na sheria zetu za wadhamini zimelizoesha. Lakini amana humtaja mtu aliyewekewa. Katika sheria tulizorithi kwa Waingereza, mali ya amana huandikwa kwa jina la wadhamini, nao huishika kwa niaba ya wengine. Katika Stiftung mali haiandikwi kwa jina la wadhamini hata kidogo. Yenyewe ni mtu mbele ya sheria, inashitaki na kushitakiwa. Baraza la Wadhamini la Hannover lina wajumbe 14, saba wakiteuliwa na serikali ya shirikisho na saba na serikali ya jimbo, lakini wakishateuliwa hawapokei amri kutoka kwa aliyewateua, na hakuna senti iliyo mikononi mwao kama mali yao.

Linabaki wakfu, na tumeshaonyesha kwamba linaifikia dhana kuliko mengine: mali imefungwa, zao linatumika, kusudi limewekwa na mwasisi, msimamizi si mwenyewe. Yako mashaka mawili yaliyo ya haki. La kwanza ni kwamba neno hili ni la dini. Waislamu hulitumia kwa mali iliyotolewa kwa ajili ya Mungu, na Wakristo husema askofu amewekwa wakfu, au kanisa limewekwa wakfu. Je, fedha za magari zaweza kuitwa hivyo? Jibu letu ni kwamba Kijerumani chenyewe kimepita njia hiyo hiyo. Neno Stift, ambalo ni ndugu yake Stiftung, liliitwa kwa nyumba za watawa na makanisa yenye mali yao. Na sala za wapangaji wa Augsburg zinaonyesha kwamba hapo kale kumpa maskini nyumba na kuiombea roho ya mtoaji vilikuwa tendo moja. Neno lilipanuka jinsi maisha yalivyopanuka, bila ya kuyafuta matumizi ya zamani. Shaka la pili ni kwamba katika fiqhi wakfu una masharti ambayo sheria ya Ujerumani haiyajui. Ni kweli. Lakini istilahi haidai mfanano wa kila sharti. Inadai kwamba kiini kisipotee.

Kazi ngumu zaidi imo katika neno dogo linaloandamana na wakfu huu katika kila maelezo yake: binafsi. Husemwa kuwa ni Stiftung binafsi. Kwa Kijerumani maana yake ni kwamba iliundwa chini ya sheria za kiraia, zile zinazotawala mambo ya watu wao kwa wao, si chini ya sheria zinazounda vyombo vya dola. Waasisi wake walikuwa ni dola. Mtoto wao si wa dola. Katika Kiswahili chetu, hata hivyo, kitu binafsi ni kitu cha mtu fulani: shule binafsi ina mwenyewe, gari binafsi lina mwenyewe. Ukiandika "wakfu binafsi" umejipinga katika maneno mawili tu, maana wakfu ni kule mali kukosa mwenyewe. Tunapendekeza kuandika "wakfu wa sheria za kiraia" katika maandishi ya kisheria, na "wakfu usio wa serikali" katika maandishi ya kawaida.

Katika Ujerumani yenyewe si kila kinachojiita Stiftung ni wakfu. Robert Bosch Stiftung ya Stuttgart, ambayo nayo hugharimia afya, elimu na sayansi, ni kampuni yenye dhima ya kikomo. Friedrich-Ebert-Stiftung na Konrad-Adenauer-Stiftung, ambazo majina yake yanajulikana sana katika Afrika Mashariki, ni vyama vilivyoandikishwa, vilivyo karibu na vyama vya siasa, na fedha zao nyingi hutoka katika bajeti ya serikali ya shirikisho. Sheria ya nchi hiyo haijalihifadhi neno kwa ajili ya chombo kimoja. Kwa hiyo mfasiri mwangalifu hatalitafsiri jina kabla ya kuuliza chombo kimeundwaje. Vyombo vya namna ya hivyo viwili vya mwisho ni afadhali viachiwe majina yao kama yalivyo, na kuelezwa kwa neno shirika.

Wasomaji wetu watapenda kujua kwamba wakfu wa Hannover uliwahi kuingia katika uwanja wetu wa lugha. Kuanzia mwaka 2000 uligharimia mpango mkubwa wa kuhifadhi kumbukumbu za lugha zilizo katika hatari ya kutoweka. Zaidi ya miradi 60 ilipata fedha katika mabara mbalimbali, na kanda za sauti na picha, matini na tafsiri zake ziliwekwa katika hifadhi ya Taasisi ya Max Planck ya Isimunafsia mjini Nijmegen, nchini Uholanzi. Barani Afrika mpango huo ulizifikia, pamoja na nyingine, lugha ya Wahai||om wa Namibia na lugha ya Taa ya Botswana. Mwaka 2003 wakfu ulianzisha mpango mwingine ulioitwa Maarifa kwa ajili ya Kesho, uliohusu nchi za Afrika kusini ya Sahara. Uzuri wa mpango huo ulikuwa katika sharti lake kwamba wataalamu wa Kiafrika washiriki tangu kubuni mradi, wasiitwe baadaye kukusanya takwimu tu. Na vijana waliokwisha kupata shahada ya uzamivu walipewa nafasi ya kuendesha utafiti wao katika vyuo vya nchi zao.

Inafurahisha pia kwamba jambo hili limetoka Hannover, maana ndiko alikoishi na kufa, mwaka 1716, mwanafalsafa Leibniz, ambaye aliandika juu ya kuiboresha lugha ya Kijerumani wakati wasomi wa nchi yake waliiona haifai kwa elimu ya juu. Alisema lugha hiyo ni tajiri kwa mambo yanayoshikika, kama vile kazi za migodi na uwindaji, na kwamba upungufu wake umo katika mambo ya fikra. Andiko lake lilichapishwa mwaka 1717, naye amekwisha kufariki. Mikutano ya wakfu hufanyika leo katika kasri la Herrenhausen, lililoangamizwa kwa mabomu mwaka 1943 na kufunguliwa tena mwaka 2013 baada ya kujengwa upya, mbele ya bustani alizozijua Leibniz.

Turudi kwenye jina. Mwaka 1989 Stiftung Volkswagenwerk ilibadilishwa jina, ikawa Volkswagen-Stiftung, na siku hizi huandikwa kwa neno moja. Neno la kiwanda liliondolewa, la gari likabaki, na watu wengi, Wajerumani nao wakiwamo, hudhani kuwa ni mkono wa hisani wa kampuni ya magari. Mwezi Septemba 2015 ilipofichuka kwamba kampuni hiyo ilikuwa imetia katika injini za magari programu za kudanganya vipimo vya moshi, wakfu ulilazimika kueleza tena kwamba kampuni si mwasisi wake wala si bwana wake. Hata hivyo haukusalimika kabisa. Serikali ya shirikisho iliuza hisa zake mwaka 1988, lakini jimbo la Niedersachsen lingali na asilimia 20 ya kura katika kampuni, na gawio la hisa za jimbo hupitia kwenye wakfu ili litumike kwa utafiti jimboni humo. Kwa mwaka 2014 kila hisa ya kawaida ilipata euro 4.80, kwa mwaka 2015 ilipata euro 0.11. Vyuo vya jimbo hilo viliisikia tofauti hiyo, ingawa mali nyingine za wakfu ziliendelea kuzaa.

Je, tuandike Wakfu wa Volkswagen? Hapa sarufi yetu inataka uangalifu ambao Kijerumani hakiutaki, kwa sababu chenyewe huunganisha maneno mawili bila kueleza uhusiano wake. Kiunganishi -a cha Kiswahili kinabeba mengi. Tukisema wakfu wa msikiti, -a inamtaja anayefaidika. Tukisema wakfu wa Fugger, inamtaja mtoaji. Wakfu wa Volkswagen haumtaji mtoaji wala anayefaidika, bali mahali zilipochimbwa fedha. Na msomaji asiyejua atashika maana iliyo karibu zaidi, ile ya umiliki. Tunaona ni afadhali kuandika Wakfu uitwao VolkswagenStiftung inapotajwa mara ya kwanza, na baadaye kutosheka na wakfu wa Hannover, kama tulivyofanya hapa, kwa kuwa katika jina la mji -a haiwezi kumpotosha mtu.

Limebaki suala la wingi. Katika makala hii tumelikwepa kwa kusema vyombo vya aina hii, jambo ambalo halitawezekana katika maandishi ya sheria. Sisi tunaelekea kusema wakfu huu na wakfu hizi, pasipo kulibadilisha neno lenyewe. Wasomaji walio karibu na mahakama na ofisi za wadhamini, hasa wa Zanzibar, wanaombwa watuandikie jinsi wanavyosema wao.